Ngamia, Nyuki, Mamba, Mbwa na Samaki: Habari Zisizo na Kazi za Barazani Ngamiani

Atakayeketi kwenye baraza lolote la kahawa pale Ngamiani, jioni watu wakishatoka msikitini, hatakaa muda mrefu kabla hajaulizwa jambo ambalo hakuwa na haja nalo. Wajua kwamba mkonge wote wa nchi hii ulitokana na miche 62? Wajua kwamba Waingereza walifukuzwa Tanga na nyuki? Wajua kwamba pango la Amboni linatokea Mombasa? Anayeuliza hatafuti msaada, na anayejibu hapati ujira. Habari hutolewa, hupimwa kwa kicheko au kwa ubishi, kikombe hujazwa tena, kashata huvunjwa, kisha zamu humwendea mwingine. Mambo mengi huruhusiwa katika mazungumzo hayo, lakini kumwuliza msemaji kwamba habari yake itamfaa mtu kwa kazi gani ni utovu wa adabu.

Sisi tunaofundisha vyuoni tumezoea kuyapita maarifa ya namna hii pasipo kuyaamkia. Hayamo katika muhtasari wa masomo, hayaulizwi katika mtihani, na hakuna mfadhili atakayeyagharimia. Walakini kwa mji kama Tanga, ambao vitabu vya shule huutaja kwa aya mbili tatu, moja ya reli na moja ya mkonge, sehemu kubwa ya historia anayoijua raia wa kawaida imemfikia kwa njia hiyohiyo ya barazani. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia ana sababu ya kuuliza ni habari zipi hupita katika chujio lile, na ni zipi hubaki juu yake zikatupwa.

Baraza lenyewe lina historia ya maandishi, tena ndefu. Shule ya kwanza ya serikali katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki ilifunguliwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na ni hapo lilipotoka gazeti la Kiongozi kuanzia mwaka 1904 mpaka vita vilipolizima. Nusu ya uhai wa gazeti lile ilikuwa habari ndogondogo ambazo walimu, makarani na maakida waliziandika kutoka miji yao. Kabla yake, wamisionari wa Magila, karibu na Muheza, walikuwa na Habari za Mwezi, na mitambo yao ndiyo iliyochapa kwa sehemu Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi, aliyepata pia kuwa liwali wa Tanga. Waingereza nao walipoanzisha Mambo Leo mwaka 1923, kurasa za Habari za Miji zilijaa barua za watu waliotaka nchi nzima ijue kwamba kwao mvua imenyesha, fulani ameaga dunia, mgeni fulani amepita. Tazama jinsi neno habari linavyojirudia. Msomaji wa siku hizo hakuona haja ya kutenganisha habari yenye manufaa na habari ya kupendeza tu. Zote zilikaa ukurasa mmoja, na serikali, ambayo ilitaka gazeti lifundishe kilimo na usafi, ilibidi ivumilie.

Sasa nirudi kwenye habari zinazodumu barazani. Nimezikusanya kwa miaka kadhaa, kwanza kwa burudani, na baadaye kwa shaka, kwa maana nilianza kuona kwamba zinafanana. Katika kila moja yuko mnyama. Mtaa wenyewe una ngamia. Vita vina nyuki. Mkonge una mamba. Pango lina mbwa. Bahari ina samaki aliyedhaniwa kuwa ametoweka duniani. Na kila mnyama anapoingia, kuna mtu anayetoka.

Wa ngamia tusimkawize sana. Ngamiani ni penye ngamia, neno linajieleza lenyewe, na wazee husimulia wanyama waliofungwa macho wakazungushwa kutwa kwenye vinu vya kukamulia mafuta. Mgeni akitembezwa huoneshwa na jambo la pili, kwamba barabara za mtaa huu zina namba badala ya majina, mpaka leo watu huelekezana kwa barabara ya nane au ya kumi na mbili. Reli ilipita katikati, upande wa bahari ukawa wa ofisi, bandari na nyumba za wakubwa, upande huu ukawa wa watu waliohesabiwa kwa mistari iliyonyooka. Jina la mnyama limebaki. La aliyemzungusha, aliyenunua ufuta, aliyebeba mafuta mpaka sokoni, hakuna anayelitaja.

Habari ya nyuki inastahili muda zaidi.

Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Fox ilitia nanga mbele ya Tanga, na nyuma yake meli zilizobeba watu wapatao 8,000 kutoka India chini ya Jenerali Arthur Aitken. Waliteremshwa Ras Kasone, wengi wao wakiwa bado wanapepesuka kwa ugonjwa wa bahari baada ya majuma ya safari. Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika, na alipata muda wa kuwaleta kwa treni kutoka upande wa Moshi, kwa kuwa reli ya Usambara, iliyoanzwa kujengwa Tanga mwaka 1893, ilikuwa imefika huko miaka mitatu kabla ya vita. Tarehe 4 mapigano makali yalipiganwa mashambani na kwenye mipaka ya mji. Tarehe 5 Waingereza waliondoka, wakiacha zaidi ya watu 800 waliouawa, kujeruhiwa au kupotea, pamoja na bunduki, bunduki za rashasha na risasi nyingi ambazo Wajerumani walizitumia baadaye.

Nyuki walikuwapo kweli. Mizinga ya magogo ilikuwa imetundikwa mitini, risasi zikaipiga, nyuki wakatoka wakawauma watu wa pande zote mbili bila kuuliza bendera. Lakini ukisikiliza masimulizi ya barazani, na hata vitabu vingi vya Kizungu, utaambiwa kwamba nyuki ndio walioshinda vita. Upande wa Waingereza ilidaiwa hata kwamba Wajerumani walitega mizinga kwa nyaya ili adui akizikanyaga nyuki wafumuke. Huo ulikuwa uzushi, na ni rahisi kuona ulimfaa nani. Jenerali aliyekataa kutuma wapelelezi, aliyemdharau adui kwa sababu safu zake zilijaa Waafrika, alihitaji sababu ya kushindwa. Kushindwa na wadudu ni bahati mbaya, na kila mtu atakuonea huruma. Kushindwa na askari Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema waliofundishwa vizuri na kupigana kwa utulivu ni aibu, tena ni hatari kwa dola lililosimama juu ya imani kwamba jambo hilo haliwezekani. Serikali ya Uingereza iliificha habari ya kipigo kile kwa miezi, na Aitken akashushwa cheo. Nyuki hawakufichwa, wakasafiri peke yao.

Hapo ndipo penye mshangao wangu. Baada ya zaidi ya miaka 100, kisingizio cha jenerali aliyeshindwa ndicho kinachosimuliwa Ngamiani, kwa furaha, kama kwamba ni fahari ya mji. Kwa nini hatukumsimulia askari? Nadhani ni kwa sababu askari anatuletea taabu. Watu wale waliowazuia Waingereza Tanga mwaka 1914 walikuwa jeshi lilelile lililokuwa limemaliza kuzima Maji Maji miaka saba tu nyuma, kwa kuchoma mashamba na kuwaua watu kwa njaa. Taifa huru haliwezi kumtundikia medali, na haliwezi pia kudai kwamba hakuwa mtoto wa nchi hii. Nyuki anatuokoa katika mtihani huo. Hana kabila, hana mshahara, hakutumwa Songea. Anamfaa Mwingereza, anatufaa na sisi.

Yuko na mtu wa tatu, asiyetajwa na upande wowote. Mizinga haikujitundika. Ilikuwa mali ya mtu, mfugaji wa nyuki aliyeamka siku moja akakuta asali yake katikati ya mapigano, na hakuna tume iliyokaa kusikiliza madai yake. Nyuma yake wanasimama wapagazi, waliochukuliwa na majeshi yote mawili katika miaka 4 iliyofuata na kufa kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara, kwa malaria, kwa njaa na mizigo. Wengi walikufa huku wakidai mishahara, na warithi wao hawakulipwa. Jina lao limesalia Dar es Salaam katika Kariakoo, kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza kilichogeuzwa kuwa soko, na hata pale ni wachache wanaofanya manunuzi wakijua kwamba wanatembea juu ya kambi ya watu wale. Kwa mtumishi wa serikali anayesoma haya, hili si la kando hata kidogo. Nyuki hana mrithi atakayekuja dirishani na hati mkononi.

Mamba ni wa mkonge. Inasimuliwa kwamba Mjerumani mmoja aliiba miche ya mkonge ng'ambo ya bahari, akaificha ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa, akavuka nayo mpaka Tanga. Ni hadithi nzuri na inawapendeza hata Wazungu. Ukweli una sura ya ankara. Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa mimea wa kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, alisoma habari za zao hilo katika jarida la bustani ya Kew, na kwa kuwa Yucatán haikutaka miche yake itoke nje, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikapita Hamburg, na mwaka 1893 iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa karibu na Pangani. Kwa hiyo namba ya barazani ni sahihi; mamba tu ndiye wa kubuni.

Ila namba nyingine haikupita katika chujio. Mfanyakazi wa shamba la mkonge alipewa kipande, na kipande kilimtaka akamilishe siku 30 za kazi ndani ya siku 42, la sivyo mshahara wake ulikuwa mashakani. Aliyefika kutoka mbali kwa mkataba, kutoka Unyamwezi au Ubena, kutoka Ruanda-Urundi, au Mmakonde kutoka upande wa Msumbiji, aliitwa manamba, kwa sababu alijulikana kwa namba aliyopewa. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuwatafuta watu hao, SILABU, lililowasafirisha kwa maelfu kila mwaka. Mpaka miaka ya mwanzo ya uhuru nchi hii iliongoza dunia kwa mkonge, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kisha nyuzi za viwandani na mambo mengine, yakiwamo makosa yetu wenyewe, yakaliangusha zao hilo. Wajukuu wa manamba wamejaa Tanga. Wamo katika ngoma, katika majina, katika nyumba za Ngamiani walikohamia babu zao mikataba ilipokwisha. Mjukuu huyohuyo atakutajia miche 62 bila kusita. Siku 42 za babu yake hajawahi kuzisikia.

Hapa msomaji anaweza kudhani kwamba nayalaumu mazungumzo ya kahawa. Sivyo, na pango la Amboni ni shahidi wangu.

Inasemwa kwamba Wazungu wawili waliingia pangoni na mbwa wao, hawakuonekana tena, na mbwa akaja kutokea Kilimanjaro. Inasemwa pia kwamba njia nyingine inakwenda mpaka Mombasa. Wapimaji wa Kijerumani na Kituruki waliofanya kazi pale mwaka 1994 walikuta kwamba pango refu kuliko yote halizidi mita 900. Mwalimu wa jiografia angeishia hapo na kuweka alama ya mkosa. Mimi naona kwamba habari hii ya uongo imebeba jambo la kweli ambalo ramani ya serikali haina. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakachora mstari kutoka pwani karibu na Vanga kwenda barani, ukawakata Wadigo vipande viwili, shangazi akabaki upande huu na mpwa upande ule. Watu waliokatwa hivyo wanaposimulia kwamba chini ya ardhi kuna njia inayokwenda Mombasa bila kupita forodhani, wanasema kitu wanachokijua. Mwaka 1939 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma, na mwaka uleule wenzao wa Tanga wakagoma pia. Pango halifiki Mombasa, lakini habari ilifika, ikarudi na mgomo.

Na Amboni ndipo mahali pekee katika orodha yangu ambapo mtu amemshinda mnyama. Kila anayetembezwa humo husikia jina la Osale Otango, ambaye katika miaka ya 1950 aliwasumbua polisi wa mkoloni na inasimuliwa kwamba alijificha pangoni pamoja na mwenzake. Serikali ilimwita jambazi. Barazani ni shujaa aliyewapokonya wenye nacho akawagawia wasio nacho. Sitaamua kesi hiyo hapa. Ninachoona ni kwamba jina la mtu laweza kupita katika chujio, endapo alikimbizwa, akajificha na akapigwa risasi. Kuwa mtu tu, mwenye kazi na familia, hakutoshi.

Samaki nitampitisha haraka, kwa kuwa habari yake bado inaandikwa. Silikanti alijulikana kwa mifupa iliyogeuka mawe tu, mpaka mwaka 1938 alipovuliwa mmoja akiwa hai Afrika Kusini. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Tanga wakawa wanamtoa mmoja baada ya mwingine katika majarife waliyoyatega kwenye maji ya kina kirefu, na mwaka 2009 serikali ikatangaza hifadhi ya bahari yenye jina la samaki huyo. Watu wa baraza wanajua kwamba ni samaki wa kale kuliko mijusi mikubwa ya zamani, na wanajua kwamba nyama yake haina maana. Mvuvi aliyemtoa majini, ambaye sasa maji yake ni hifadhi na jarife lake lina masharti, hupewa sentensi moja, tena ya lawama.

Ngoja nitaje sasa habari moja ya Tanga isiyo na mnyama, nione kama itapita.

Mwaka 1922 makarani, walimu na watumishi wengine Waafrika wa serikali walikutana Tanga wakaanzisha chama chao, Tanganyika Territory African Civil Servants Association. Kilikuwa cha kwanza cha aina yake katika nchi hii, miaka saba kabla ya African Association ya Dar es Salaam, ambayo nayo ndiyo iliyozaa TANU mwaka 1954. Wakristo na Waislamu waliketi humo pamoja, jambo ambalo halikuwa jepesi wakati ule, maana wa kwanza walitoka shule za misheni na wa pili walikuwa wenyeji wa mji. Walikuwa na mpira wao, na walikutana kusoma na kuzungumza. Kwa maneno mengine, lilikuwa baraza lenye daftari la wanachama. Mwanzilishi wake alikuwa Martin Kayamba, aliyesoma kwa wamisionari Kiungani, Unguja, akafungwa na Wajerumani wakati wa vita, kisha akawa karani mkuu katika ofisi ya wilaya ya Tanga. Mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa Waafrika waliokwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya muungano wa makoloni ya Afrika Mashariki, na aliporudi aliandika kitabu cha Kiswahili kuhusu aliyoyaona huko.

Wapo waliomwona Kayamba kuwa mtu wa serikali mno, na hoja yao ina uzito; aliamini subira na barua zilizoandikwa kwa adabu kuliko kelele. Hata hivyo kila mtumishi wa umma mwenye kadi ya chama cha wafanyakazi mfukoni anatembea katika njia iliyoanzia mji huu. Nimeitoa habari hii mara kadhaa, darasani na kwenye kahawa. Darasani huandikwa kwenye daftari kimya kimya, kwa sababu yaweza kutoka katika mtihani. Kwenye kahawa husikilizwa kwa heshima, watu hutikisa vichwa, kisha mmoja husema kwamba hilo ni jambo kubwa sana, na mwingine huuliza kama tunajua kwamba ngamia aweza kunywa mapipa ya maji kwa dakika chache.

Mara ya mwisho mzee mmoja alinizuia nisiondoke. Alitaka kujua huyo Kayamba, karani mkuu wa wilaya, alikuwa akikaa barabara ya ngapi.